Kitana kwa Kitana

Kabla kitana hakijagusa manyoya, shangazi yangu hushughulika na maji. Huyamimina ya uvuguvugu kwenye bakuli la bati, hukwangulia humo sabuni ya mche kwa kisu, hukoroga kwa kidole mpaka yageuke rangi ya tui, kisha hulisogeza bakuli karibu na goti lake la kulia. Umbali ule haubadiliki: chini ya shubiri moja kutoka pale paka atakapolala. Nilimwona akifanya hivyo miaka mingi kabla sijauliza sababu.

"Kiroboto mruko wake shubiri," alinijibu. "Ukiliweka bakuli mbali, umempa njia."

Baadaye nilisoma kwamba hakukosea. Kiroboto wa paka ana urefu wa milimita 2 au 3 tu, lakini akiruka hutua mbele kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na yule wa mbwa huzidi hapo. Misuli peke yake haiwezi kazi hiyo. Kifuani mwake mna kipande cha rezilini, protini inayonyumbuka kama mpira, ambayo Torkel Weis-Fogh wa Denmark aliitambulisha kwa wanasayansi mwaka 1960 baada ya kuichunguza kwa nzige. Kiroboto hukikandamiza kipande hicho, hukifungia pale pale, halafu hukiachia kwa mara moja, kama mtoto anayeachia manati. Shangazi hajui neno rezilini. Shubiri anaijua.

Anaishi Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ujana wake wote alikuwa msusi. Mabinti walikaa mkekani mbele yake, vichwa magotini pake, na kabla ya kusuka mstari wa kwanza alipitisha kitana chembamba kutafuta chawa, maana kumsuka mtu mwenye chawa, alisema, ni kumjengea mwizi nyumba. Vidole vilipoanza kumuuma aliacha kusuka watu. Paka hawakumwacha. Uani kwake huwa wanne, pengine sita, kutegemea samaki wanapatikanaje. Kazi imebaki ile ile. Vichwa ndivyo vilivyobadilika.

Kitana cha kwanza nilichomwona nacho kilikuwa cha mti, chenye meno pande mbili: upande mmoja mapana ya kufumulia, upande wa pili yamebanana kwa ajili ya chawa na mayai yake. Umbo hilo ni la kale mno. Mwaka 2016 waakiolojia waliokuwa wakichimba Lakishi, mji wa Wakanaani uliomo katika Israeli ya leo, waliokota kitana kidogo cha pembe ya ndovu, sentimita 3.5 kwa 2.5. Upande mmoja kilikuwa na meno 6 manene, upande wa pili 14 membamba. Miaka ikapita kabla mtu hajagundua kwamba juu yake pamekwaruzwa herufi 17, nazo ni dua: pembe hii na iwang'oe chawa wa nywele na ndevu. Wanakikadiria kuwa na umri wa miaka 3,700 hivi, na maneno yale, yaliyotangazwa mwaka 2022, yanahesabiwa miongoni mwa sentensi kamili za kale kabisa zilizoandikwa kwa alfabeti. Nilipomsimulia shangazi, alfabeti haikumshughulisha. Aliuliza yale meno 14 yameachana kiasi gani.

Ni swali la fundi. Kitana anachotumia sasa ni cha chuma, upana wa vidole vitatu, mpini wa mbao, na kila sentimita yake ina meno 12 au 13. Nafasi iliyobaki kati ya jino na jino inatosha unywele wa paka kupita, lakini kiroboto hapiti. Hapo ndipo siri yote ilipo, na mtu akikisikia kitana kikielezwa hivyo hudhani kazi imekwisha: kivute tu. Mimi nilidhani hivyo. Nilikivuta mgongoni mwa paka mmoja anayeitwa Kidagaa mara kumi, nikapata vumbi na manyoya. Shangazi akakichukua, akakivuta mara moja, akaja na wawili.

Nilichokosa ni ngozi. Mimi nilichana manyoya, yeye huchana mzizi wa manyoya. Kitana chake hakisimami wima wala hakilali. Kinainama kama kisu kinachomenya embe bivu, ncha za meno zikiigusa ngozi bila kuikwaruza. Mkono wa kushoto hutangulia, ukiinyosha ngozi kidogo kidogo ili isijikunje mbele ya meno. Mvuto ni mmoja, mrefu, wa kufuata lalio la manyoya, na mwendo wake ni wa pumzi ya mtu aliyelala. Akikutana na fundo hasukumi. Hurudi, hulifumua fundo kwa ncha za vidole, huanza upya. Paka aliyevutwa fundo leo, kesho hatakuja.

Na mvuto hauishii pale kitana kinapotoka. Watu wengi huwapoteza viroboto wao hapo. Kitana kikishakuwa hewani, kiroboto aliyekwama kati ya meno ana muda wa kujigeuza na kufyatuka. Kwa hiyo kabla meno hayajaachana na manyoya, kidole gumba cha shangazi huwa kimeshayafunika, kama mtu anayefunga mlango taratibu asimwamshe mgeni. Kitana kinaingia majini kikiwa kimefungwa. Ndani ya maji ndipo gumba huondoka.

Sabuni nayo ina sababu yake. Maji matupu yana utando juu ambao mdudu mwepesi kama huyu huweza kuukalia kama mtu aliye juu ya mkeka, akapiga teke, akaondoka. Sabuni huuvunja utando, naye huzama. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa kiroboto hata viwili havitoshi. Mwili wake ni mgumu na umebanwa ubavuni, bapa kama samaki, hivyo ukimsugua kati ya vidole hutereza tu. Atapasuka ukimweka kati ya kucha mbili za gumba, namna walivyofanya bibi zetu, lakini shangazi hapendi damu kwenye kucha. Maji humtosha.

Mpangilio wa safari ya kitana nao ni wa kudumu: shingo kwanza. Anasema ukianzia mkiani, viroboto hupanda kukimbilia kichwani, kwenye macho na masikio, mahali ambapo chuma hakiingii. Kwa hiyo huufunga mji kwanza. Huchana kidevu, nyuma ya masikio, shingo yote mzunguko, ndipo hushuka mgongoni mpaka kwenye shina la mkia, penye manyoya mazito na joto, ambapo mavuno huwa makubwa. Tumbo huliacha mwisho. Paka hakubali kulala chali, na methali hiyo, ambayo wengine huitumia kwa mambo ya siasa, kwake ni maelezo ya kazi. Hamlazimishi. Humlaza ubavu juu ya mapaja, humfunika kanga ibaki sehemu moja tu wazi, huchana hiyo sehemu, huifunika, hufunua nyingine. Nimehesabu: tumbo moja lilimchukua jioni tatu.

Hakuna anayepigana na mdudu huyu bila kumheshimu kidogo. Kiroboto wa paka naye ana kitana. Mashavuni pake, na tena shingoni nyuma ya kichwa, pana safu za miiba iliyopangwa sawasawa na kuelekea nyuma, na kwa ajili ya miiba hiyo wataalamu walimpa jina la Ctenocephalides, lililoungwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: kitana na kichwa. Mwenye kitana kichwani. Akienda mbele kati ya manyoya, miiba haimzuii, naye hupita kama samaki katika mwani. Akivutwa kinyume, miiba hushika. Ulimi wa paka ukimpitia, yeye hushika. Ukucha ukimkwaruza, hushika. Jioni nzima uani Ngamiani ni kitana kwa kitana, kimoja cha chuma na kingine kisichoonekana kwa macho.

Na paka mwenyewe si mzembe. Ulimi wake umejaa miiba midogo iliyopinda kuelekea kooni, na kazi unayoifanya si ya urembo tu. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis waliwavisha paka kadhaa kola pana za kuwazuia kujilamba, wakawaacha wengine huru, nyumba ikiwa na viroboto. Wiki tatu baadaye waliovishwa kola walikuwa na viroboto takriban mara mbili ya wenzao. Ubaya ni kwamba ulimi hauna bakuli. Kiroboto anayenaswa humezwa, na ndani ya baadhi yao mna kibuu cha tegu. Ndiyo maana shangazi akiona vipande kama punje za wali karibu na mkia wa paka, hakimbilii dawa ya minyoo peke yake. Hukitafuta na kitana.

Dawa. Hapa inanipasa nikiri jambo. Mwaka mmoja nilitaka kumpunguzia kazi. Nilinunua kichupa dukani, dawa ya matone ya kuwekwa mgongoni; kilichorwa mbwa, na muuzaji alisema paka au mbwa ni mamoja, kiroboto ni yule yule. Kiroboto kweli mara nyingi ni yule yule. Lakini ini si lile lile. Ndani ya kichupa mlikuwa na pamethrini, sumu ambayo mwili wa mbwa huivunjavunja na kuitoa, ilhali ini la paka halina uwezo wa kuivunja kwa kasi inayotakiwa. Kufika usiku Kidagaa alikuwa anatokwa na udenda, misuli ya uso inacheza yenyewe, miguu inatetemeka kama ana homa ya baridi. Shangazi hakunilaumu kwa neno. Alimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akamwosha tena, akamviringisha kwenye kanga kavu, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo tukiwa kwenye bajaji. Alipona. Kile kichupa nilikitupa mwenyewe.

Sisemi dawa zote ni mbaya. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, mganga wa mifugo akizipima kwa uzito wa mnyama zinafanya kazi ambayo kitana hakiwezi kuifanya kwa mwezi mzima, na nyumba iliyokwisha kutekwa haikombolewi kwa meno ya chuma peke yake. Shangazi analijua hilo kuliko mimi. Ila wapo wateja ambao dawa nyingi haziwafai, nao ni vitoto vya wiki mbili tatu. Kiroboto hunywa damu, na kitoto cha paka hakina damu ya kugawa. Viroboto wakikizidi, ufizi wake hupauka kama karatasi na kinaweza kufa. Hao huchanwa juu ya kiganja. Kitana kile kile, mkono ule ule, lakini uzito wote umeondolewa. Nadhani hata pumzi huwa anaishika.

Chini ya paka hutandikwa kipande cha shuka jeupe, na hicho ndicho kitabu. Chembe nyeusi zinazoanguka kama unga wa kahawa yeye huzigusa kwa pamba yenye maji. Zikibaki nyeusi ni uchafu wa uani. Zikichuja rangi ya kutu, ni damu ya paka iliyopitia tumboni mwa kiroboto. Kiroboto mkubwa hunywa damu kuliko haja yake, ziada huitoa nyuma karibu mbichi, ikakauka, ikaanguka pale anapolala paka. Huko huko huanguka na mayai, kwa sababu ni laini na hayashiki kwenye manyoya. Jike mmoja anaweza kutaga 40 au zaidi kwa siku. Vibuu vikianguliwa vinakuta chakula kimeshaandaliwa na mama asiyewahi kuwaona. Nilipolielewa hilo niliacha kuuliza kwa nini shangazi huchemsha matandiko ya paka na kuyaanika jua la saa sita. Vibuu vinapenda giza na unyevu, na unyevu Tanga haukosekani.

Ukutani jikoni ipo kalenda, ya zile zinazogawiwa mwisho wa mwaka, na katika kila kisanduku cha tarehe pana namba ndogo ya penseli. Mgeni hudhani ni hesabu ya mayai ya kuku. Ni viroboto. Huhesabu bakuli kabla ya kulimwaga chooni, kila jioni, kila paka. Namba hushuka, kisha ghafla hupanda, na mimi nilizoea kuona kule kupanda kama kushindwa. Yeye huitazama namba iliyopanda jinsi mvuvi anavyotazama bahari iliyochafuka: kuna sababu, itafutwe. Mara moja sababu ilikuwa chumba cha nyuma, kilichokuwa kimefungwa tangu mpangaji alipohama. Kibuu cha kiroboto kikikomaa hujifuma kifuko cha hariri ambacho vumbi na mchanga hukishikilia, na ndani yake kiroboto aliyekamilika anaweza kungoja wiki nyingi, hata miezi, mpaka asikie mtikisiko wa hatua, joto na pumzi. Tulipokifungua chumba tupake chokaa, tuliwaamsha wote kwa siku moja. Dawa unayoitia ukaiacha haikwambii habari kama hizo. Kitana, kwa kuwa lazima ukishike kila siku, kilituambia kesho yake.

Wapo wasiochanika. Kando ya masikio ya paka wanaolala karibu na banda la kuku, shangazi hupapasa kwa kidole na kukuta vipele vigumu vilivyobanana: viroboto wa kuku, ambao huzamisha mdomo kwenye ngozi na kubaki pale pale wamejishikiza. Kitana kikipita juu yao hurarua ngozi. Hao huwapaka mafuta, huwang'oa mmoja mmoja kwa kibano, na siku hiyo hafanyi kingine. Funza naye ni wa ukoo huo, mgeni aliyetoka Amerika ya Kusini akaingia Angola karne ya 19 na kulivuka bara mpaka kwetu. Kwake kuna pini, na hiyo ni elimu nyingine.

Mbwa ni darasa ambalo shangazi hulifundisha kwa simu tu. Mate ya mbwa ni najisi, naye ni mtu wa udhu, mbwa hamgusi. Lakini nilipohamia Arusha na kupata Simba, mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi ya rangi ya udongo, nilimpigia.

"Shikamoo shangazi. Huyu mbwa ana viroboto."

"Marahaba mwanangu. Wako wapi?"

"Kila mahali."

"Hakuna kila mahali. Mlaze, nitazamie mapaja kwa ndani, kiunoni karibu na mkia, na chini ya mkanda wa shingo. Mkanda uvue kwanza."

Walikuwa hapo. Manyoya mafupi yana ugumu wake: kiroboto hana pa kujificha kwa hiyo hukimbia, na kitana kinampita juu. Nikamweleza. Kimya kidogo, kisha akaniambia nipake mafuta ya mgando kwenye mashina ya meno, kidogo sana, ili anayeguswa anate. Akanionya kuhusu kupe: meno yakigonga kitu kisichosogea nisilazimishe, kwani mwili utakatika na kichwa kitabaki ndani, nishike kibano, nibane karibu kabisa na ngozi, nivute polepole moja kwa moja. Mwanamke ambaye hajawahi kumshika mbwa maishani mwake alinielekeza mwili mzima wa mbwa, kiungo kwa kiungo, umbali wa kilomita mia nne na ushei. Nilipomaliza aliuliza namba. Nikamwambia 23. Nikasikia penseli.

Nilikuwa Tanga mwezi uliopita. Alasiri ilikuwa imepoa, upepo wa bahari umefika mpaka Ngamiani, na Kidagaa, ambaye sasa ni mzee mwenye sikio moja lililochanika, alijileta mwenyewe kabla bakuli halijatulia. Shangazi alimchana shingo, mgongo, shina la mkia. Hakuna. Akamgeuza ubavu, akachana tumbo lote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo sijawahi kuona paka akiliruhusu. Hakuna. Maji yalibaki meupe. Nilidhani ataacha, lakini alirudi shingoni akaanza upya, kwa mwendo ule ule wa pumzi ya mtu aliyelala, meno yakigusa ngozi, gumba likifunga kila mwisho wa mvuto juu ya meno matupu. Alipomaliza alikiinua kitana kwenye mwanga, akatoa unywele mmoja uliokwama, akaandika sifuri kwenye kalenda, akamwita wa pili.